Cheo Nilichokiacha na Funguo Nilizozikuta

Nilipoandika barua ya kuomba kuachia ukuu wa idara, mwenzangu mmoja aliniuliza swali la neno moja: "Umetumbuliwa?" Nilipomjibu kwamba nimeondoka kwa hiari, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayejua kwamba anafichwa jambo. Msamiati wetu wa kupoteza cheo ni mpana: kutumbuliwa, kutenguliwa, kupangiwa kazi nyingine. Msamiati wa kukiacha ni finyu mno.

Kwa miaka minne kazi yangu kubwa ilikuwa kusaini. Niliidhinisha likizo na masurufu, nikaongoza vikao ambavyo jambo lake la kwanza lilikuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichotangulia. Siidharau kazi hiyo. Chuo hakiendeshwi kwa mihadhara pekee. Lakini jioni nilipofunga ofisi, sikuwa na kitu hata kimoja cha kukionyesha kwa kidole na kusema, hiki nimekitengeneza mimi. Usiku nikawa najifunza kuandika programu. Leo mchana nafundisha, na muda uliobaki natengeneza tovuti na programu ndogo ndogo kwa wateja.

Miongoni mwao ni kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kijana aliyewatengenezea tovuti ya awali alikisajili kikoa kwa jina lake mwenyewe, kisha akabadili namba ya simu. Fedha zilikuwa zao, lakini jina lililoandikwa katika usajili lilikuwa lake. Muda wa kikoa ulipokwisha, tovuti ikazimika, nao hawakuwa na mlango wa kubisha hodi.

Niliwatengenezea programu ya kutunza hisa, mikopo na marejesho. Kila malipo yanapoingizwa, mwanachama hupata ujumbe mfupi kwenye simu yake, ili hesabu isibaki kuwa siri ya daftari. Siku ya kuwaonyesha, mweka hazina alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, hizo nywila atakaa nazo nani?"

Niliona haya. Nilikuwa nazo mimi. Ndani ya kijitabu changu mlikuwa na nywila za wateja saba. Ningeweza kuona nani anadaiwa, nani amechelewa kulipa, nani amekopa bila mumewe kujua. Nilidhani nimeyakimbia mamlaka, kumbe yalikuwa yamebadili vazi tu. Tena nikiwa mkuu wa idara nilibanwa na vikao, wakaguzi na barua za malalamiko. Huku hakuna aliyenitazama.

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, na zisitumike kinyume na kusudi hilo. Ni sheria ya lazima, ila haiwezi kuketi kila usiku chumbani mwa fundi. Wanachama wa TANU waliahidi kwamba cheo ni dhamana. Nadhani nywila nayo ni cheo, na mwenye nayo hana budi kuahidi vivyo hivyo.

Tangu siku ile kikoa nakisajili kwa jina la mteja, na nywila namkabidhi kabla ya malipo ya mwisho. Mteja mmoja alizipokea, akazibadilisha, na fungu lililobaki hajalilipa hadi leo. Iliniuma, maana ada za shule hazisubiri. Hata hivyo sikurudi nyuma. Fundi anayejilinda kwa kushika funguo za nyumba ya mwenzake hana tofauti na mkubwa anayelikalia jalada hadi aonwe.

Ninyi mlio katika ofisi za umma, ulizeni Jumatatu: tovuti ya ofisi yetu, nywila anazo nani? Akihamishwa kesho, zitabaki au zitaondoka naye?

Nilipoachia ukuu wa idara nilisaini hati ya makabidhiano: funguo za kabati, majalada, muhuri. Sasa kila mteja wangu hupata hati kama hiyo. Yule mweka hazina aliisoma mstari kwa mstari, akasaini, kisha akaniomba kile kijitabu, ili ukurasa wao auchane mwenyewe.