Barakoa ya Lansing, Nyungu ya Dar

Aprili 30, 2020, waandamanaji kadhaa wenye bunduki begani waliingia katika jengo la Bunge la jimbo la Michigan, mjini Lansing. Kwa kubeba silaha humo hawakuvunja sheria yoyote, jimbo liliruhusu. Kilichowakera ni amri ya Gavana Gretchen Whitmer, wa chama cha Democratic, iliyowataka watu wabaki majumbani kwa ajili ya korona.

Mtanzania aliyekuwa akiishi huko wakati ule hakukosa la kumsimulia mama yake kwenye simu. Bunduki bungeni! Halafu barakoa: ukiivaa dukani, watu wanadhani wameshajua unampigia kura nani. Mama naye, kule Dar, alikuwa na yake: sufuria ya majani ya mwarobaini, mpera na mchaichai, blanketi zito, na jasho la kupiga nyungu. Rais Magufuli ameshasema watu wasitishane, wachape kazi.

Wataalamu wa saikolojia wameichunguza tabia ya kunyenyekea mkono wa chuma tangu Theodor Adorno na wenzake walipochapisha utafiti wao mwaka 1950. Mwaka 1981, Bob Altemeyer wa Kanada aliichambua katika mambo matatu: kumtii mkubwa, kuwashukia wanaomkaidi, na kung'ang'ania desturi. Kwa hesabu hiyo, maradhi yakiingia, mrengo wa kulia, unaohubiri utii na desturi, ndio ungetarajiwa kudai amri kali.

Lansing ilikwenda kinyume. Waliozoea kuhubiri sheria na nidhamu ndio walioziita amri za afya udikteta, huku wengi wa mrengo wa kushoto, waliozoea kuwashuku polisi, wakitaka amri hizo zikazwe. Lakini waandamanaji hawakuwa wameyakataa mamlaka yote. Aprili 17, Rais Donald Trump alikuwa ameandika Twitter kwamba Michigan ikombolewe. Mkubwa wao alikuwa Washington, si Lansing.

Kenya, hoja ya kulia na kushoto haikuwa na pa kushika. Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake, Raila Odinga, walishapeana mkono tangu 2018. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni, Mombasa, ili wawahi nyumbani kabla ya saa moja jioni, walipigwa virungu na mabomu ya machozi. Siku chache baadaye, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya kwao Nairobi aliuawa kwa risasi ya polisi.

Tanzania hapakuwa na kafyu. Masoko yalijaa, ibada ziliendelea. Rungu lilielekezwa kwenye taarifa: takwimu za mwisho chini ya Rais John Magufuli zilitoka mwaka 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Julai, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka.

Magufuli alifariki dunia Machi 2021. Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera.

Mwezi uliofuata, utii ulijaribiwa pande zote mbili, Marekani na Tanzania. Agosti 21, mjini Cullman, Alabama, Trump aliwashauri mashabiki wake wachanjwe. Baadhi wakamzomea. Akawaambia ni sawa, uhuru ni wao, akaendelea na hotuba. Agosti 31, Dodoma, Bunge lilimfungia Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, asihudhurie mikutano miwili, baada ya kamati kumhoji kuhusu kauli alizotoa kanisani dhidi ya chanjo na viongozi walioihimiza. Januari ya mwaka huohuo, Magufuli alipohutubia Chato, kuitilia shaka chanjo ndiko kulikokuwa kumfuata Rais.