Sitara Kabla ya Pambo: Nyumba za Njiru

Anayeshuka matatu ya Barabara ya Kangundo pale Njiru hulakiwa kwanza na vumbi, kisha na mlio wa nyundo. Upande huu wa mashariki ya Nairobi una machimbo ya mawe, na maghorofa hayaishi kuota. Viwanja ni vyembamba, ngazi ni za wote, na dirisha la jirani li karibu kiasi cha kupokezana chumvi bila ya mtu kutoka nje. Humo wamo ndugu zetu wa Pwani waliopandishwa bara na kazi, ndoa au masomo ya watoto. Tumewazuru mara kadhaa, na akina mama wametuuliza swali ambalo wengine hudhani si la kuulizwa sheikh: nyumba hii tuipambe kwa mtindo gani?

Swali hili si dogo. Dada mmoja alikuwa na seti ya makochi meupe aliyoichagua kutoka katika picha za simu. Ilijaza sebule hata mlango wa chumba cha kulala haukufunguka wote. Ilinunuliwa kwa mkopo wa riba, na kila mwisho wa mwezi mume na mke huzungumza kwa shida. Tena anapokuja mgeni mwanamume, yeye mwenye nyumba hana pa kukaa ila jikoni, tena kwa kusimama, mpaka mgeni aage. Makochi ni mazuri, hatukatai. Lakini nyumba ambayo Mwenyezi Mungu, katika Surat an-Nahl, ameitaja kuwa ni mahali pa utulivu, haiwi hivyo ikiwa mwenyewe amefukuzwa na viti vyake.

Wazee wetu walilijibu swali hili kwa mawe. Tazameni nyumba kongwe za Lamu, zile za karne ya 18. Ukiingia hukuti chumba, wakuta daka lenye mabaraza ya mawe, na mgeni wa kiume hukomea hapo akakirimiwa. Kutoka dakani njia hukunja kona ndipo ufike kwenye kiwanda kilicho wazi juu, hivyo mpita njia haoni kitu hata mlango ukiachwa wazi. Kisha huja misana, chumba nyuma ya chumba, sakafu ikipanda kidogo kila hatua, mpaka ndani, ambako ndiko kwa wenye nyumba hasa. Huko ndiko ulikokuwa uzuri: vidaka vya chokaa safu juu ya safu, na vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi. Barazani palikuwa pakavu, ndani pakapambwa. Siku hizi tumepindua: sebule ya wageni ni kasri, na chumba anacholala mama na watoto kina balbu moja na magunia ya nguo.

Vyumba vile, mwajua, vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Basi wembamba wa sebule ya Njiru si aibu.

Hatusemi watu waihamishe Lamu. Wapo wanaonunua sinia la shaba, jahazi dogo la mbao na taa ya vioo vya rangi, wakasema huo ndio mtindo wa Pwani. Huo ni mtindo wa hoteli. Na hali ya hewa haikubali kila kitu: Njiru iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na mwezi wa Julai vigae vya sakafu huuma nyayo. Mkeka peke yake hautoshi, litakikana zulia.

Kinachohamishika ni mpango. Kabla ya rangi na kabla ya kochi, simameni mlangoni, mlango ukiwa wazi, mtazame jirani wa ngazi aona nini. Hapo ndipo pa kutundika pazia zito, hatua mbili kutoka mlangoni, liwe ndilo daka lenu. Pazia la pili ligawe sebule na upenyo wa kwenda jikoni na vyumbani, ili mama apite bila ya kujifunika kila saa. Vitambaa vipo Gikomba na Eastleigh, vipya na vya mitumba. Huko Eastleigh hupatikana pia magodoro ya kukalia chini na mito yake: hukaa watu wanane mahali pa makochi ya wanne, na usiku hulala mgeni.

Kibla Nairobi ni kaskazini, kwa kuelemea mashariki kidogo. Ukuta wa upande huo uacheni mtupu, usiwekwe televisheni wala picha za viumbe. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliyetundika pazia lenye picha, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akachukizwa nalo. Bibi Aisha hakukitupa kitambaa, alikikata akafanya mito. Dada zetu mwenye pazia kama hilo anajua la kufanya.

Seti mpya ingoje akiba. Mafundi wa kando ya barabara hutengeneza kochi moja moja kwa kipimo cha chumba, na hupokea malipo kidogo kidogo bila ya ziada, mkipatana bei kabla ya kazi kuanza. Pimeni ukuta kwa futi, si kwa macho. Na kabla ya kutoboa tundu la chuma cha pazia mwombeni ruhusa mwenye jengo, kwani wapo wanaohesabu matundu siku ya kuhama na kuyakata katika amana.