Ukoka umelala tu, msiuzike!

Kama hujawahi kumwona mtu mzima na akili zake akipaka majani rangi, basi bado hujatembea. Mimi nimeyaona hayo majuu, Scottsdale, jimbo la Arizona, Marekani, kwenye kiwanja cha gofu ambacho jina lake naliweka mfukoni, maana ndiko ninakopatia ugali.

Huku ni jangwani, si utani. Mwaka 2023 Phoenix, jiji tunalopakana nalo, lilikaa siku 31 mfululizo joto likigonga nyuzi 43 na kuzidi. Jani gani linakubali kuishi humo? Utacheka: ukoka. Huu huu wa kwetu, unaokanyagwa na mbuzi! Wenyewe wanauita Bermuda. Aina moja inayopendwa sana viwanjani, Tifway 419, ilitolewa Georgia mwaka 1960 baada ya wataalamu kuozesha ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Kwa hiyo nilipotua ughaibuni nikamkuta mtu wa nyumbani keshatangulia.

Ila ukoka na baridi haviivi. Dar huwezi kuliona hilo, hata Julai hapapoi kiasi cha kuulaza. Arizona bwana, ikifika Desemba usiku unakaribia kuganda, na ukoka unageuka kahawia kama mkeka wa bibi. Haujafa. Mizizi ipo, umelala, jua la Aprili litauamsha.

Balaa ni kwamba Desemba hiyohiyo ndipo wazee wenye mkwanja wanapokimbia theluji ya Kanada na Chicago. Wametoa dola zao, hawataki kusikia habari za majani yaliyolala. Halafu Februari kuna mashindano ya Phoenix Open, hapa hapa Scottsdale, televisheni inaonyesha kijani kitupu, na kila mwenye kiwanja anataka chake kifanane.

Basi mwisho wa Septemba tunafunga kiwanja kama wiki tatu. Tunaunyima ukoka maji, tunaunyoa kipara (vumbi lake acha tu, unakohoa mpaka usiku), halafu tunamwaga mbegu za raigrasi, nyasi za baridi zinazolimwa kule Oregon. Kwetu ni zaidi ya kilo 200 kwa ekari moja. Kisha maji, kidogokidogo, asubuhi, mchana, jioni, kila siku mpaka zichipue. Hapo ndipo ovataimu inapomiminika. Oktoba ndiyo Krismasi yangu, msomaji. Ada ya mdogo wangu anayesoma Morogoro imekuwa ikitoka humo.

Pamoja na hayo nasema wauache ukoka ulale.

Kwanza maji. Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu wa mto Colorado kwa mara ya kwanza katika historia, na mwaka 2022 mgawo wa Arizona ukakatwa kama asilimia 18. Walioumia mwanzo ni wakulima wa huko kati ya Phoenix na Tucson. Mabosi watakwambia wao wanamwagilia majitaka yaliyosafishwa. Kwa baadhi ya viwanja ni kweli, lakini hata hayo jangwani yana kazi nyingine.

Pili, raigrasi ni mpangaji king'ang'anizi. Aprili mwenye nyumba kaamka, mpangaji bado kajaa sebuleni, kamzibia jua na kumnywea maji. Wataalamu wa hapa wanasema ukoka unahitaji kama siku 100 bila mshindani ili upate nguvu. Raigrasi inakuja kufa kwa joto Juni, na pale ukoka uliposhindwa panabaki vipara. Nani anavipandikiza juani? Sisi.

Wapo walioshtuka. Wanapanda kwenye grini, kule kwenye shimo na bendera, na pale pa kuanzia kupiga. Kwingine wanaacha kahawia au wanapiga rangi ya kijani kwa mashine. Mpira kwenye ukoka uliolala unabiringika mbali zaidi, na wachezaji wengine wameanza kunogewa. Kasoro yake, ukoka uliolala ukikanyagwa hauponi mpaka masika yao, kwa hiyo vigari lazima vibaki barabarani. Mwambie hivyo tajiri wa miaka 70 mwenye goti bovu uone anavyokutazama!

Msimu huu bosi wetu naye kakubali: grini tu ndizo zinapandwa, kwingine rangi. Nilimpongeza, kisha nikapiga hesabu ya saa zangu. Zimepungua karibu nusu. Nimeshampigia mdogo wangu Morogoro kumwambia ada ya muhula huu itakuja mara mbili, nusu sasa, nusu Januari.