All Star na matope ya Dumila

Wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuongee viatu. Nazungumzia zile raba za kitambaa zenye shingo ndefu na nembo ya nyota kwenye kifundo. All Star, kwa jina la mtaani na la dukani pia.

Historia kidogo. Kampuni ya Converse ya Marekani ilizitoa mwaka 1917, kwa ajili ya wacheza mpira wa kikapu. Miaka ya 1930 jina la Chuck Taylor, mchezaji aliyegeuka muuzaji viatu, likaongezwa kwenye nembo. Mwaka 2003 Nike wakainunua kampuni. Wacheza kikapu wa kulipwa walishahamia zamani kwenye soli nene. Yaani waliotengenezewa waliziacha kwa ajili ya miguu yao, sisi tukaziokota kwa ajili ya macho ya watu.

Na kwa macho hazina mpinzani. Jinzi inakubali, kaptula inakubali. Ukipata pea ya mtumba, ukasugua ule mpira mweupe kwa dawa ya meno, nani atajua?

Sasa zilete Dumila, pale njia ya Kilosa inapochepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Soli ni bapa, unyayo hauna pa kuegemea. Ile shingo ndefu ni kitambaa tu, haizuii mguu kuteguka. Na kitambaa kinakunywa maji. Mvua za huku si za kutania: Januari 2014 mafuriko yaliikata hiyo barabara kuu.

Kuna na suala la adabu. Umekaribishwa ndani, viatu vinavuliwa mlangoni. Mwenye kandambili kashaingia, kashatoa shikamoo, kashakaa. Wewe bado umeinama unafungua kamba, tundu kwa tundu, mama wa watu kasimama anakusubiri.

Lakini kinachoniumiza kichwa zaidi ni kazi. Ukitaka habari ya nyanya, dalali yuko hapo hapo barabarani, anaongea vizuri, na picha ya matenga unaipata bila kukanyaga tope. Mkulima yuko ndani huko, mwendo wa miguu. Kiatu kikikubana, utaishia kwa dalali. Kesho yake gazeti zima litasoma bei ya dalali, hasara ya mkulima hakuna atakayeijua. Kwa hiyo kiatu cha mwandishi kinaamua nani asikike.

Uamuzi wangu? All Star sizitupi, mjini zinabaki kuwa mfalme. Chukua namba kubwa kidogo, weka soli ya sponji ndani, utashinda nazo ofisini bila kulalamika. Ila kwenye begi la safari yakae mabuti ya mvua, na makatambuga ya matairi kwa siku za jua. Hayana sifa, lakini yanafika shambani.

Kupendeza ni haki yetu, jamani. Ila je, viatu ulivyovaa leo vinakuishia wapi?