Mbio Fupi za Asubuhi

Binadamu hukimbia kwa sababu nyingi, lakini sababu hizo zote zaweza kugawanywa katika mafungu mawili: kuna mbio za kufuata kitu, na kuna mbio za kukikimbia kitu. Mtoto huufuata mpira. Mwizi huwakimbia wenye mali. Wazee wetu waliliona jambo hili waliposema kwamba mtu apitaye mbio penye miiba, kama hafukuzi, basi anafukuzwa. Mimi kila siku ya kazi hukimbia mwendo mfupi mtaani kwetu Hamugembe, katika mji wa Bukoba, na kwa muda mrefu sikujua mbio zangu ziwekwe katika fungu gani.

Jambo lenyewe lilianza kwa daktari. Nilikwenda kwake kwa maumivu ya kichwa. Akapima shinikizo la damu, akatazama tarakimu, akapima tena. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia kuwa mimi ni karani, na kwamba sehemu kubwa ya ukarani ni kuketi. Akasema mwili wa mtu mzima wataka kwa juma zisipungue dakika 150 za mwendo wa wastani, au dakika 75 za mwendo wa nguvu. Kiasi hicho ndicho kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Nikapiga hesabu kwa desturi ya makarani: dakika 75 kwa siku 5 za kazi ni dakika 15 kwa siku. Robo saa! Niliona haya kukataa kulipa deni dogo namna hiyo.

Bukoba i karibu na Ikweta, kwa hiyo hatuna majira ya joto na baridi kama yale ya Ulaya. Tuna mvua, nayo ni nyingi, na tuna kiangazi, ambacho ni Juni, Julai na Agosti. Tena mji wetu u magharibi ya ziwa, lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Basi jua hutuchelewea. Katika mwezi wa Julai, saa 12 ya asubuhi ingali giza, na jua hutokeza upande wa ziwa karibu na saa 1. Ofisi yangu hufunguliwa saa 1 na nusu. Nafasi yangu ya kukimbia ni ule upenyo mwembamba ulio kati ya giza na kazi.

Hutoka mlangoni pole pole, hushika njia ya udongo, nikapita katikati ya migomba na mabati. Vumbi jekundu la kiangazi limelala kwa umande, halijaamshwa na magari. Moshi wa jiko la kwanza wapanda. Vijana wa bodaboda wafuta pikipiki zao kwa vitambaa. Mbele ya nyumba kadha wa kadha yako maturubai yaliyokunjwa juu ya kahawa, yakingoja jua ili yakunjuliwe. Maana miezi hii ndiyo ya mavuno, na buni ya robusta huanikwa uani kama nafaka. Nikifika penye kona niliyoichagua, hugeuka. Safari yangu yote haizidi kilometa 2.

Mbio hizi fupi zilinigharimu aibu. Kwetu kijana akikimbia ni mchezo, lakini mtu wa makamo akikimbia ni habari. Katika juma la kwanza mzee mmoja jirani alinisimamisha kwa fimbo yake, uso wake umejaa wasiwasi.

"Kuna nini, mwanangu? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wakimbia nini?"

"Nakimbia presha, mzee."

Akafikiri kidogo. "Presha si imo mwilini mwako? Utaiachaje nyuma?"

Vijana wa bodaboda wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini neno la mzee lilinifuata hadi ofisini, likaketi nami mezani. Kwa kweli kilikuwako kitu kingine nilichokuwa nikikimbia, nacho pia kilikuwa mwilini mwangu.

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 za alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka. Kipimo cha tetemeko kilikuwa 5.9, na kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi. Watu 17 walipoteza maisha. Maelfu ya nyumba zilibomoka au zikapasuka, hasa zile za matofali yaliyoshikwa kwa udongo; na shule za Ihungo na Nyakato, zilizolea vizazi vya wasomi, ziliharibika vibaya. Haya ni mambo ya historia. Langu ni dogo, tena halikuandikwa mahali.

Nilikuwa sebuleni. Mama yangu alikuwa katika jiko la uani, akimenya ndizi. Nilisikia mngurumo kama wa lori, sakafu ikaenda upande, nami nikakimbia. Sikuamua kukimbia, niliona tu kwamba nimekwisha kuvuka kizingiti, nimepita ua wa mbele, nimesimama njiani kati ya majirani waliokuwa wakilia. Vumbi lilipanda juu ya mapaa. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa nina mama.

Nikarudi mbio. Ukuta mmoja wa jiko ulikuwa umeanguka, na kwa rehema ya Mungu ulikuwa umeangukia nje. Mama alikuwa ameketi pale pale, kisu mkononi, kichwa cheupe kwa vumbi. Hakuwa na jeraha. Akanitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Ulifika wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwinua, nikamtoa nje, na usiku ule tukalala uani pamoja na majirani. Hakulitaja jambo lile tena, wala mimi sikulitaja. Ukuta tulijenga upya kwa saruji. Swali halikujengeka.

Nchi yetu ina wakimbiaji wa kujivunia. Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa sehemu 3 tu za mia ya sekunde. Lakini asubuhi, pumzi inapokuwa fupi, anijiaye mawazoni ni John Stephen Akhwari. Katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Watu wanaokumbuka jina la mshindi ni wachache kuliko wanaomkumbuka yeye. Nadhani sababu ni kwamba wengi wetu hatutegemei kuwa wa kwanza mahali popote. Tunachotumaini ni kufika, hata kama tumechelewa.

Juma hili, siku ya Jumatano, nilirudi mbio zangu na jua ndilo kwanza linatokeza. Mama alikuwa kizingitini, ameketi juu ya kigoda, kwa kuwa siku hizi miguu yake ni mizito na hupenda kuota jua la kwanza. Alinitazama nikihema, jasho likinitiririka.

"Umefika wapi, mwanangu?" akauliza.

Sijui kama alikumbuka. Uso wake haukuonyesha. Huenda kwake lilikuwa swali la asubuhi tu, kama aulizwavyo mtu yeyote atokaye njiani. Lakini kwangu miaka yote ilisimama.

"Nimefika hapa, mama," nikamjibu.

"Vyema. Basi oga, usichelewe kazini."

Nikaoga, nikanywa chai, na saa 1 na nusu nilikuwa mezani kwangu.

Sasa naona kwamba mafungu yangu mawili hayakutosha. Ziko mbio za tatu, nazo ni mbio za kurudi. Siwezi kuapa kwamba ardhi ikitetemeka tena miguu yangu haitanitoa nje kabla ya akili kuamka. Miguu ina hofu yake, na hofu haisomi insha. Walakini kila siku ya kazi, kwa robo saa, naipeleka hadi kwenye kona, kisha naifundisha njia ya mlangoni.