Mti Mfupi Kuliko Kidole

Septemba 1984 nilikuwa mwanafunzi wa misitu huko Ås, kusini mwa Oslo. Nilitoka Morogoro nikiwa na miaka kumi kazini. Mininga na mivule niliyoipima haihesabiki, na nilijiona najua mti ni kitu gani. Ndipo tukapandishwa treni ya Bergen, wanafunzi saba, tukashushwa Finse. Kituo hicho kiko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Norwei nzima hakuna kituo cha reli kilicho juu zaidi.

Aliyetuongoza alikuwa mzee mwembamba, sweta lake lina viraka viwikoni. Hakutaka tumwite mwalimu. Alijiita "vegleder", yaani mwonyesha njia, neno alilolipenda Nils Faarlund, mwanzilishi wa shule ya milimani ya Hemsedal mwaka 1967. Wanorwei husema pia friluftsliv, maisha ya hewa huru. Nilidhani ni jina la mazoezi ya viungo.

Saa ya kwanza tu aliniudhi. Viatu vyangu vilikuwa vya kuazima, vimenichubua visigino, nami nikawa mkia wa msafara. Mzee akasimama, akanishika bega, akanitanguliza mbele ya wote. "Tutakwenda mwendo wako," akasema. Niliona haya. Lakini kufika adhuhuri hakuna aliyekuwa akihema, na watu walikuwa wameanza kuona: nyayo za reindia kwenye tope, maji yakipita chini ya mawe bila kuonekana.

Tukafika kwenye bonde ambako theluji huchelewa kuyeyuka. Akatuambia tulale kifudifudi, saa nzima, bila daftari na bila maswali. Baridi ya ardhi ikapenya koti mpaka kifuani. Mwanzo niliona majani tu, ya mviringo, madogo kama ukucha, yenye kingo za menomeno, mengine yamekwisha kugeuka manjano. Nikachokoa udongo kwa kidole nikakuta kijiti kigumu. Nikakifuata: kilizama, kikaibuka mbele kidogo na majani mengine, kikazama tena. Ulikuwa mti! Shina lake na matawi vimejificha ardhini, juu umechomoza sentimita mbili au tatu. Mimi, bwana misitu, nilikuwa nimeulalia msitu.

Nikauliza jina lake. Mzee akatabasamu, akanyamaza. Alinijibu jioni, kahawa ikichemka: Salix herbacea. Lakini wakati huo nilikwisha kuufahamu, jinsi unavyoukwepa upepo, jinsi unavyofanya kazi ya mwaka mzima katika wiki chache zisizo na theluji. Angenipa lile jina mchana, ningeliandika na kupita.

Siku ya pili ilikuwa ya kupanda hadi ukingoni mwa barafu ya Hardangerjøkulen. Ukungu ukashuka. Mzee alitazama, akatuuliza mmoja mmoja tunaonaje, kisha akageuka. Vijana wawili walinuna. Usiku ule akatusimulia habari za mwanafalsafa Arne Næss na kibanda chake cha Tvergastein, kama mita 1,500 juu, chini ya mlima Hallingskarvet. Mwaka 1971 Næss, Faarlund na Sigmund Kvaløy walikwenda Nepal kwenye mlima Tseringma, ambao wenyeji wa pale huuheshimu kama mtakatifu, wakakubaliana wasikikanyage kilele.

Nililala nikimkumbuka bibi yangu, Mluguru, aliyetukataza kupiga kelele wala kuvunja tawi katika kipande kimoja cha msitu juu ya kijiji. Kazini niliwahi kuandika kwamba katazo lile ni ushirikina. Na chemchemi tuliyokunywa utoto wetu wote ilitoka humo humo! Niliumia sana usiku ule.

Niliporudi nikawa nafundisha. Mkubwa mmoja alinilaumu kwamba napoteza saa za vipindi. Sikuacha. Kila kundi jipya nililipandisha kwa miguu hadi Morningside, mlimani juu ya Morogoro, nikalikalisha chini ya miti ya Uluguru, kimya, kabla sijataja jina hata moja la Kilatini. Maswali waliyoshuka nayo hayakuwa ya kwenye vitabu, na mengine yalinishinda.

Sasa nimestaafu. Walimu wenzangu mlio kazini, siku ya kwanza acheni madaftari darasani, na anayechechemea mtangulizeni mbele.