Kulala Bure katika Ardhi Mbaya

Kur-ani Tukufu yatuhimiza kutembea katika ardhi ili tupate kuzingatia. Lakini wengi wetu hudhani kwamba safari za namna hiyo ni za matajiri, maana hoteli ni ghali na jamaa ni wengi. Basi na tueleze habari za mahali tulipolala siku tatu, wakubwa kwa wadogo, pasipo kutozwa hata senti moja ya malazi.

Mahali penyewe ni Sage Creek, katika hifadhi ya taifa ya Badlands, jimbo la South Dakota, Marekani. Walakota, ambao ni wenyeji wa asili, waliiita nchi hiyo mako sica, yaani ardhi mbaya, kwa kuwa ni kame, tena ina magenge na mabonde makali yaliyochongwa na mvua na mito. Ilianza kuhifadhiwa mwaka 1939, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1978. Langoni hulipwa ada ya kuingia. Ama kupiga hema Sage Creek ni bure. Naye atakaye kulala porini zaidi hahitaji kibali, mradi awe nusu maili kutoka barabara na njia, wala hema lake lisionekane kutoka huko.

Lakini bure hiyo ina masharti yake. Maji hayapo, kila mtu huja na yake. Kuwasha moto wa kuni ni marufuku, kwani majani makavu hushika upesi. Hupikwa kwa jiko la gesi. Nao baisani, yaani nyati wa Kimarekani, hupita karibu na mahema. Ni wakubwa, tena wepesi wa mbio, wala hawasogelewi.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, na maji yakapungua. Ilipoingia Adhuhuri, vijana wetu walishika madumu ili watawadhe. Mzee wetu akawazuia: "Wanangu, hayo ni ya kunywa watoto. Sheria imeturuhusu kutayamamu."

Kijana mmoja akauliza, "Babu, itafaaje vumbi la ardhi iliyoitwa mbaya?"

Mzee akajibu, "Walioipa jina walitazama taabu ya kuipita. Mola wetu ameijaalia ardhi kuwa twahara na mahali pa kusujudia."

Tukatayamamu, tukaelekea kaskazini mashariki, ndiko iliko Kibla kwa upande ule, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Jioni watoto walikuwa na maji ya kunywa ya kuwatosha.

Ndugu wazazi, vijana wafunzwe kwamba kitu cha bure si kitu kisicho na mwenyewe. Pale hapana mlinzi asimamaye kando ya kila hema. Mgeni hung'oa hema lake, huokota takataka zake, na kuiacha ardhi kama alivyoikuta, ili ajaye naye aikute njema. Hiyo ndiyo amana, na malipo yake hayapokelewi langoni.